Mkono Umeunga, Ugonjwa Bado: Majibu kwa Wasomaji Kuhusu Mifupa ya Uzeeni

Barua za mwezi huu karibu zote zinahusu jambo moja, yaani mifupa inayodhoofika umri unaposogea. Nimechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi. Majina ya walioandika yamehifadhiwa, na majibu haya hayachukui nafasi ya daktari anayekuona kwa macho yake.

Daktari, shikamoo. Mama yangu ana miaka 68. Mwezi Machi aliteleza uani akitoka kuchota maji bombani, akajikinga kwa kiganja, na kifundo cha mkono wa kulia kikavunjika. Alifungwa hogo kwa wiki 6, likatolewa, tukaambiwa mfupa umeunga vizuri na hakuna haja ya kurudi. Majirani wanasema mifupa yake imesagika, na wanamletea maji ya bamia. Je, tuseme yamekwisha? — Binti, Tanga

Marahaba, binti yangu, na umfikishie mama pole zangu. Mkono umepona, lakini sababu iliyoufanya uvunjike haijaguswa bado, na kwa ajili hiyo nitakujibu kwa kirefu kuliko wengine. Mtu mzima akianguka kutoka kwenye kimo chake mwenyewe, yaani akiwa amesimama au anatembea, wala si kutoka juu ya mwembe au kwenye pikipiki, mfupa wenye afya kwa kawaida hustahimili. Ukivunjika, hasa kwa mwanamke ambaye hedhi yake ilikwisha kukoma, inatupasa kuuchukulia kuwa ni mfupa uliopungukiwa nguvu mpaka vipimo vioneshe vinginevyo. Hali hiyo ya mifupa kupoteza madini na kuwa dhaifu ndiyo inayoitwa osteoporosisi.

Ugonjwa huu hauumi. Mfupa unaopungua hauvimbi, hauleti homa, haumnyimi mtu usingizi, na ndiyo maana wengi hawajui kuwa wanao mpaka siku wanapovunjika. Mfupa ni kitu kilicho hai: zipo seli zinazomega sehemu zilizochakaa na zipo nyingine zinazojenga mpya mahali pake, na kwa mtu mzima karibu asilimia 10 ya mifupa yote hufanywa upya kila mwaka. Mpaka kufikia miaka 30 hivi tunakuwa tumejiwekea akiba yetu kubwa kuliko zote. Baada ya hapo kinachomegwa huanza polepole kuzidi kinachojengwa. Kwa mwanamke, homoni ya estrojeni huzizuia seli zinazomega zisivuke mpaka. Hedhi inapokoma, mara nyingi kati ya miaka 45 na 55, homoni hiyo hushuka, na katika miaka 5 hadi 7 inayofuata baadhi ya wanawake hupoteza hadi asilimia 20 ya mifupa waliyokuwa nayo. Ukiuchungulia mfupa kwa ndani umefanana na sega la asali. Kwa nje haubadiliki, lakini kuta za vyumba vyake huwa nyembamba na nyingine hukatika kabisa.

Mahali panapovunjika zaidi ni patatu: kifundo cha mkono, pingili za uti wa mgongo na nyonga. Mkono mara nyingi hutangulia, kwa sababu mtu wa miaka 50 au 60 na kitu bado ana wepesi wa kujikinga kwa kiganja anapoanguka. Miaka ikizidi wepesi ule hupungua, naye huangukia ubavu, uzito wote ukaishia kwenye nyonga. Aliyevunjika mara moja kwa namna hii yumo katika hatari karibu maradufu ya kuvunjika tena. Ninasikitika kila ninapomwona mgonjwa wa nyonga ambaye alifungwa hogo la mkono miaka kadhaa nyuma, akaruhusiwa kwenda nyumbani bila mtu kumuuliza swali la pili.

Kuhusu majirani, nia yao ni njema, ila wanachanganya magonjwa mawili. Kinachosagika kwa wazee wengi ni gegedu la maungio, yaani tabaka laini linalofunika ncha za mifupa, hasa la magoti, na huo ni ugonjwa mwingine wenye maumivu, kukakamaa kwa maungio asubuhi na mlio wakati wa kuinuka. Mama anaweza kuwa na yote mawili, lakini tiba zake hazifanani. Bamia ni mboga nzuri na aendelee kuila; ute wake, hata hivyo, humeng'enywa tumboni kama chakula kingine chochote, haufiki gotini wala kifundoni.

Sasa fanyeni hivi. Rudini hospitali na picha ya eksirei na karatasi za matibabu, mseme wazi kwamba mama alivunjika kwa kuanguka kidogo na mnaomba achunguzwe mifupa. Kipimo kinachotegemewa ni DEXA, ambayo ni eksirei ya nguvu ndogo inayopima wingi wa madini kwenye nyonga na kiunoni. Jibu lake ni namba inayomlinganisha mama na mwanamke kijana mwenye afya: tangu mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani huhesabu kuwa -2.5 au chini yake ni osteoporosisi, na kati ya -1 na -2.5 ni upungufu ambao haujafikia hapo. Mashine hizi bado ni chache kwetu na zimerundikana miji mikubwa, nami sipendi mtu akate tamaa kwa sababu hiyo. Daktari anaweza kuanza kwa historia ya mgonjwa na kikokotoo cha FRAX, kinachokadiria hatari ya mtu kuvunjika mfupa, kilichotolewa mwaka 2008 na Chuo Kikuu cha Sheffield nchini Uingereza, ambacho hutumia umri, uzito, kimo, kuvunjika kwa awali, mzazi aliyevunjika nyonga, sigara, pombe na dawa anazotumia mtu, na hufanya kazi hata pasipo DEXA. Vipimo vya damu navyo vinahitajika: kalsiamu, figo, vitamini D, tezi ya shingo na wingi wa damu, maana yapo magonjwa mengine yanayokula mifupa, ikiwemo saratani ya uboho.

Kuna kipimo kimoja ambacho unaweza kukifanya nyumbani leo. Mama asimame bila viatu wala kilemba, visigino na mgongo vikiwa vimegusa ukuta, uweke kitabu kigumu bapa juu ya kichwa na kuchora alama ya penseli chini yake. Kisha tafuta kimo chake cha ujanani. Akina mama wengi waliandikiwa kwenye kadi ya kliniki walipokuwa wajawazito, na kadi hizo huwa zimehifadhiwa pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Akiwa amepungua zaidi ya sentimita 4, omba mgongo wake upigwe eksirei, kwa kuwa pingili zinaweza kuwa zimebonyea bila yeye kujua.

Na pale bombani palipomwangusha, pasuguliwe ukoko wa kijani na pamwagwe kokoto. Ndala zilizolika soli zitupwe.

Assalaam alaykum daktari. Nina miaka 74, mstaafu wa bandari. Kanzu nilizoshonewa miaka kumi nyuma sasa zaburuta chini, na mgongo waniuma tangu siku niliyoinua mtungi wa gesi. Nina pumu, na kwa miaka mingi nikibanwa hununua prednisoloni duka la dawa. Wenzangu barazani wasema maradhi ya mifupa ni ya wanawake, tena wa Kizungu, nao wataka nikachuliwe. — Mzee, Mombasa

Waalaykum salaam, mzee wangu. Kanzu haziongezeki urefu, kwa hiyo ni wewe uliyepungua, na maumivu yaliyoanza ghafla kwa kuinua mzigo yananifanya nidhani kuwa pingili moja au zaidi imebonyea. Nakusihi usichuliwe mgongo kabla ya kupiga eksirei. Mtu mwenye nguvu akikukandamiza mfupa uliopasuka anaweza kuzidisha mpasuko.

Maneno ya barazani yana asili yake. Mwaka 1968 daktari wa mifupa Louis Solomon alichapisha utafiti kutoka Johannesburg ulioonesha kwamba Waafrika weusi wa huko walivunjika shingo ya mfupa wa paja mara chache sana wakilinganishwa na wazungu, na tangu hapo wengi, madaktari wakiwemo, walishika kwamba Mwafrika hana ugonjwa huu. Uchache si kutokuwepo. Isitoshe, utafiti ule uliangalia nyonga, si pingili za mgongo, ambazo kwa sehemu kubwa huvunjika kimyakimya na kusingiziwa uchovu wa uzee. Na watu wetu wanaofika miaka 75 na 80 leo ni wengi kuliko wakati ule. Kuhusu wanaume, inakadiriwa kwamba duniani mmoja kati ya 5 waliopita miaka 50 atavunjika mfupa kwa ajili ya udhaifu huu.

Kwako wewe mshukiwa wa kwanza ni prednisoloni. Dawa za kundi lake, yaani steroidi, huzizuia seli za kujenga mfupa, na upotevu huwa mkali zaidi katika miezi 3 hadi 6 ya mwanzo. Anayezimeza kwa miezi 3 au zaidi alistahili kulindiwa mifupa tangu siku ya kwanza. Lakini usiziache kwa ghafla. Mwili uliozizoea kwa muda mrefu huwa umelegea katika kutengeneza homoni yake wenyewe, na kuzikata kwa mara moja kunaweza kuhatarisha maisha. Mwone daktari akupunguzie kwa hatua na akuwekee inhela ya kuvuta kila siku, ambayo hutuliza pumu kwa kiasi kidogo sana cha dawa kinachoingia katika damu.

Jambo jingine ambalo sitaki lipite: kwa mtu wa umri wako, mgongo unaouma unaweza pia kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo au saratani ya tezi dume iliyosambaa. Ukiwa na homa za jioni, unapungua uzito, maumivu yanakuamsha usiku, miguu inakufa ganzi au mkojo umeanza kusumbua, usisubiri wiki ijayo.

Daktari, maziwa yamepanda bei na vidonge vya kalsiamu ndiyo usiseme. Nifanye nini ili nimlishe mama mkwe wangu vizuri? Mume wangu humnunulia supu ya makongoro kila Jumapili. — Mke wa mtoto wake, Mwanza

Mwanamke aliyepita miaka 50 anahitaji miligramu 1,200 hivi za kalsiamu kwa siku, kutoka katika vyakula vyote kwa jumla. Kikombe cha mililita 250 cha maziwa kina karibu miligramu 300, na mtindi ni vivyo hivyo. Kama maziwa mabichi humletea gesi na kuhara, mtindi humkalia vizuri zaidi.

Nyinyi wa Mwanza mna bahati ambayo watu wa mbali wanaililia, nayo ni dagaa. Kalsiamu ya samaki imo mifupani, na dagaa ndiye samaki tunayemla pamoja na mifupa yake. Waosheni mchanga, muwapike bila kuwakata vichwa kama mama anaweza kuvila, na kama meno yake yamepungua, wakaangeni kavu kwa moto mdogo mpaka wakatike kwa vidole, muwatwange na kuchanganya na mboga. Ulezi una miligramu 340 hivi katika kila gramu 100 za unga, kwa hiyo uji wake unaushinda mbali sana ule wa sembe. Ufuta usiokobolewa una nyingi zaidi. Kuhusu majani, mchicha una kalsiamu lakini una pia asidi inayoishikilia isifyonzwe vizuri, ilhali sukuma wiki huiachia kwa urahisi; mpike hivi viwili kwa zamu, msiuache mchicha.

Supu ya makongoro ina utamu wake, na nyama zake laini zinampa mama protini, ambayo mifupa na misuli inaihitaji kuliko watu wanavyodhani. Mzee anayeishi kwa chai na mkate hudhoofika hata kama anameza vidonge. Ila msiihesabu kuwa ni kalsiamu, kwa sababu mfupa ukichemshwa kwa saa nyingi bado huachia kidogo mno. Vidonge ni vya kujazia pale chakula kinapopungua, visizidi miligramu 500 au 600 kwa mara moja, na aliyewahi kuwa na mawe ya figo aulize kwanza.

Kalsiamu haifyonzwi pasipo vitamini D, ambayo ngozi huitengeneza kwa jua. Ngozi nyeusi huchukua muda mrefu zaidi kuliko nyeupe, na mzee anayeshinda ndani haipati hata akiishi chini ya jua la Mwanza. Kwa hiyo mama akae uani kila siku, mikono na miguu ikiwa wazi. Wasomaji wetu walioko Uingereza wafuate ushauri wa huko wa kutumia mikrogramu 10 za vitamini D kila siku, mwaka mzima kwa wenye ngozi nyeusi, na walioko Ghuba wasidhani kwamba joto la nje linamfikia mtu anayeishi ndani ya kiyoyozi.

Nina miaka 52 na natumia ARV. Nimesikia zinakula mifupa. Niache? — Msomaji, Kisumu

Usiache hata dozi moja, dada yangu. Ni kweli kwamba tenofovira, iliyomo katika kidonge kinachotolewa kwa watu wengi Kenya na Tanzania, hupunguza wingi wa mifupa kwa asilimia 1 hadi 3 katika mwaka wa kwanza au wa pili, kisha upungufu huo hutulia. Virusi vyenyewe visipodhibitiwa huharibu mifupa na mengine yote. Mwambie mhudumu wa kliniki yako kama hedhi imekoma au kama umewahi kuvunjika, ili apime kama kuna haja ya kukubadilishia dawa. Uamuzi huo ni wenu wawili, si wa maduka wala wa majirani.

Bibi yetu aliangukia ubavu usiku akienda chooni. Mguu ulionekana mfupi na umegeukia nje. Ndugu walimpeleka kwa mganga wa mifupa, akakandwa na kufungwa vijiti kwa wiki 3. Alipofika hospitali alikuwa na kidonda cha mgongoni, na baada ya muda si mrefu akafariki. Tunajiuliza, mtu hufaje kwa kuvunjika mguu? — Mjukuu, Dodoma

Poleni sana. Dalili ulizozieleza, mguu kuwa mfupi na unyayo kugeukia nje, ndizo dalili za kuvunjika nyonga, na mfupa huo ni tofauti na mingine kwa sababu unamlaza mtu chali. Mzee aliyelala hapumui kwa kina, akapata nimonia. Damu huganda miguuni na bonge linaweza kwenda mapafuni. Ngozi ya makalio na mgongo hukosa damu ikafanya vidonda. Hamu ya chakula hupotea na misuli huyeyuka. Hata katika nchi zenye hospitali nyingi, kati ya wazee 100 wanaovunjika nyonga, 20 hadi 30 hufariki ndani ya mwaka mmoja.

Kinachopunguza vifo hivyo ni upasuaji wa mapema, ikiwezekana ndani ya saa 48, mfupa ukafungwa vyuma au kichwa chake kikabadilishwa, na mgonjwa akakalishwa na kusimamishwa kesho yake. Familia nyingi huogopa kisu kwa sababu ya umri, na woga huo naufahamu. Lakini kwa nyonga kulala ndiko hatari zaidi. Vijiti na kukanda havifiki kwenye mfupa uliofichwa chini ya misuli minene namna ile. Msilaumiane ninyi kwa ninyi, kwani mlifanya mlilolijua na mlilifanya kwa upendo.

Kwa wazee waliobaki hapo nyumbani: njia ya kwenda chooni iwe na taa usiku kucha, au pawe na ndoo chumbani, mikeka inayokunjika pembe iondolewe, macho yapimwe, kwa kuwa mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji mfupi, na anayetumia dawa za presha au za usingizi aketi kwanza ukingoni mwa kitanda kabla ya kusimama. Kuinuka kitini bila kushika mikono, mara 10 asubuhi na mara 10 jioni, huimarisha mapaja na kupunguza maanguko.

Mama ameandikiwa kidonge cha alendroneti cha kila wiki. Humeza pamoja na uji, kisha hujinyoosha kitandani, na sasa analalamika kifua kinawaka. Anataka kuacha. — Mwana, Nairobi

Tatizo ni namna anavyokimeza. Dawa hii, ambayo hupunguza kumegwa kwa mifupa, ni nzuri, lakini hufyonzwa kidogo sana, na kikombe kimoja cha uji au chai huizuia karibu yote. Na ikigota njiani huuchoma umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni. Achague siku moja ya wiki. Akiamka, kabla ya kula chochote, akimeze kikiwa kizima kwa glasi iliyojaa maji ya kawaida, kisha akae wima au atembee kwa dakika 30 bila kula, bila chai, bila kumeza dawa nyingine na bila kulala. Kwanza, lakini, amweleze daktari kuhusu huo moto wa kifua, asiendelee mpaka aruhusiwe. Kama umio wake hauwezi, ipo sindano ya asidi ya zoledroniki inayotiwa mshipani mara moja kwa mwaka, baada ya figo kupimwa na upungufu wa vitamini D kurekebishwa.

Ipo pia sindano ya denosumabu ya kila miezi 6. Mkiichagua, mhakikishe kuwa mtaweza kuimudu mfululizo, maana ikicheleweshwa au kukatwa bila dawa nyingine kushika nafasi yake, mifupa hupungua kwa kasi na pingili kadhaa zinaweza kuvunjika kwa pamoja.

Mtasikia habari za kuoza kwa taya na za mfupa wa paja kuvunjika kwa sababu ya dawa hizi. Yote mawili hutokea, lakini kwa nadra sana, na kwa aliye katika hatari kubwa mivunjiko inayozuiwa ni mingi kuliko madhara hayo. Jino bovu ling'olewe kabla ya kuanza, maumivu mapya ya paja au kinena yaripotiwe mapema, na baada ya miaka 5 ya vidonge au 3 ya sindano ya mshipani daktari atazame upya kama anaweza kumpumzisha.